Msamaha wa Mtawala na Mwenye Haki ya Kusamehe

Katika darasa letu la usiku kijana mmoja alisimama akatuuliza: Mtawala anapomsamehe mkubwa mwenziwe aliyetuhumiwa kwa khiyana, je, hiyo ni ihsani au ni dhulma? Alikuwa amesoma khabari za Marekani, ambako mnamo Disemba 2024 Raisi aliyekuwa akitoka alimsamehe mwanawe wa kumzaa kwa makosa ya takriban miaka kumi na moja, na mnamo Januari 2025 Raisi aliyekuwa akiingia akawasamehe watu wapatao 1,500 walioshitakiwa kwa fujo za bungeni za tarehe 6 Januari 2021. Kila kundi liliukasirikia msamaha wa kundi la pili, na likautafutia udhuru msamaha wake. Sisi usiku ule tulimjibu kijana kwa maneno mepesi, kwamba kusamehe ni tabia njema na ni bora kuliko kuadhibu, kisha tukafunga kitabu. Lakini tulirudi nyumbani na moyo usiotulia. Yeye aliuliza khabari ya mtawala na raia, nasi tukamjibu khabari ya jirani na jirani. Na kulikuwa na sababu nyingine, ya nafsi zetu, ambayo tutaitaja mwisho.

Basi tumeona yatupasa tulirudie suali lake kwa utulivu, na tutachukua mfano mmoja uliotangulia hayo yote, nao ni msamaha aliopewa Richard Nixon mwaka 1974.

Vijana wetu wengi wamelisikia jina la Watergate wala hawakijui kisa chake. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 1972 watu watano walikamatwa mjini Washington, katika jumba liitwalo kwa jina hilo, ndani ya ofisi za makao makuu ya Chama cha Democratic. Walikuwa na vyombo vya kusikilizia mazungumzo ya watu kwa siri, tena walikuwa na noti za dola mia mia zenye namba zinazofuatana. (Mwizi gani huyo aingiaye kuiba ilhali mfuko wake umekwisha kujaa?) Ikulu ikasema haihusiki. Lakini kila uzi ulipovutwa ulizidi kuja, mpaka ukawafikia watu wa karibu wa Raisi Nixon. Mwezi wa Oktoba 1973 Raisi akaamrisha afukuzwe mwendesha mashitaka maalumu, Archibald Cox, kwa kuwa alishikilia kudai kanda za mazungumzo ya Ikulu. Mwanasheria Mkuu akakataa kuitekeleza amri hiyo akajiuzulu, na naibu wake naye akakataa, hata akapatikana wa tatu wa kuitekeleza. Tarehe 24 Julai 1974 Mahakama ya Juu, majaji wanane kwa kauli moja, ikaamuru kanda zitolewe. Katika kanda moja ikasikika sauti ya Raisi mwenyewe, siku sita tu baada ya wale watano kukamatwa, akikubali idara ya ujasusi itumiwe kuzuia upelelezi wa polisi wa dola. Hapo hata watu wa chama chake wakamwacha mkono, naye akajiuzulu tarehe 9 Agosti 1974.

Aliyeshika pahala pake, Gerald Ford, hakuwa amechaguliwa na wananchi kwa Uraisi wala kwa Umakamu. Makamu wa kwanza alijiuzulu kwa kashfa yake nyingine, na Nixon ndiye aliyemteua Ford, kisha Bunge likamthibitisha. Tunalitaja hili kwa kuwa lina uzito katika suali letu. Asubuhi ya Jumapili tarehe 8 Septemba 1974, yapata mwezi mmoja tangu kushika kazi, Ford alikwenda kusali kanisani, akarudi ofisini mwake, akatangaza kuwa amemsamehe Nixon msamaha kamili usio na sharti, kwa kila kosa dhidi ya dola alilolitenda au ambalo huenda akawa amelitenda tangu siku aliyoingia Ikulu, 20 Januari 1969, hadi siku aliyotoka.

Msomaji na ayazingatie maneno hayo: alilolitenda au huenda akawa amelitenda. Hapakuwa na mashitaka, wala hukumu, wala hata orodha ya makosa yanayosamehewa. Ni kama mtu apokeaye hati ya deni iliyofutwa, na hati yenyewe haikuandikwa kiasi.

Hatutaki kumdhulumu Ford. Alisema kwamba kumpatia Nixon kesi ya haki kungechukua muda mrefu sana, na muda wote huo nchi ingekuwa yagombana juu ya mtu mmoja, wakati ambapo ina mambo mengine mazito ya kuangalia. Naye aliyalipia maneno yake. Msemaji wake kwa magazeti alijiuzulu siku ile ile. Sifa yake mbele ya watu ilianguka kutoka karibu 70 hadi karibu 50 katika kila watu 100. Tarehe 17 Oktoba alikwenda mwenyewe mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi, jambo ambalo ni nadra kwa Raisi kulifanya, akakana kwamba kulikuwa na mapatano baina yake na Nixon. Ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyeeleza kuwa siku chache kabla ya Nixon kujiuzulu mkuu wa watumishi wa Ikulu alimjia akamtajia njia kadha wa kadha, na msamaha ulikuwa mojawapo. Mwaka 1976 akashindwa katika uchaguzi na Jimmy Carter, na wengi husema msamaha ule ulichangia. Halafu miaka ikapita. Mwaka 2001 akapewa tuzo ya ushujaa ya jamaa wa John F. Kennedy, na Seneta Edward Kennedy, ambaye mwaka 1974 aliupinga msamaha ule kwa nguvu, akasimama akasema kuwa wakati umeonyesha kwamba Ford alikuwa na haki.

Mtu aliyepinga jambo akarudi akalikubali baada ya miaka ishirini na saba si wa kupuuzwa. Sisi nasi twapenda fitna izimwe. Lau jambo lote lingekuwa ni kuchagua baina ya amani na kisasi, tungekuwa pamoja na Seneta huyo bila ya kusitasita.

Lakini maulamaa wetu wa fiqhi, walipozungumza juu ya kusamehe, walitangulia kuuliza: haki iliyovunjwa ni ya nani? Ikiwa ni ya mja, basi ni mja yule mwenye kuisamehe, wala si mwingine kwa niaba yake. Aliyeuliwa nduguye, ni walii wa maiti ndiye mwenye kudai au kuachilia. Sultani hana ruhusa ya kuwa mkarimu kwa damu ya watu wengine. Akiwa na huruma nyingi, mali yake ipo, na aihurumie hiyo. Na kisa cha Safwan bin Umayya chajulikana na kila aliyesoma vitabu vya Hadithi. Alilala msikitini juu ya shuka yake, mtu akaja akamwibia. Mwizi akashikwa, akapelekwa kwa Mtume (s.a.w.), na hukumu ikapitishwa. Safwan akaona huruma, akasema amemwachia nguo ile. Mtume akamwuliza kwa nini hakufanya hivyo kabla ya kumleta kwake. Wanavyuoni wakafahamu kutokana na kisa hiki kuwa mwenye kitu aweza kusamehe mpaka jambo lifike kwa hakimu, na likishafika limekuwa si lake peke yake tena.

Pengine mwenye kujadili atatuambia: Basi Ford amefuata njia hiyo hiyo, kwani alisamehe kabla ya jambo kufika mahakamani. Naam, lakini shuka haikuwa yake.

Shuka ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya raia ambao kura zao zilichezewa na watu wa Ikulu, nao ndio ambao hawakuwahi kumpa Ford ruhusa ya kusema kwa ulimi wao, kama tulivyotaja. Ilikuwa pia ya wale waliobaki kushitakiwa. Baraza la washitaki mwezi Machi 1974 lilimtaja Nixon kuwa ni mshirika katika njama bila ya kumshitaki, na washirika wenziwe wakashitakiwa. Tarehe 1 Januari 1975 wakahukumiwa kuwa na hatia John Mitchell, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa nchi, na Haldeman na Ehrlichman, waliokuwa mkono wa kulia na wa kushoto wa Raisi. Kila mmoja wao alikaa jela yapata mwaka mmoja na nusu. Mkubwa wao alikuwa nyumbani kwake California, kando ya bahari.

Na yule msemaji aliyejiuzulu alitaja jambo jingine, nalo lilituchoma zaidi tuliposoma. Alisema hawezi kuutetea msamaha usio na sharti kwa Nixon ilhali vijana waliokataa kwenda kupigana Vietnam kwa ajili ya dhamiri zao hawakupewa mfano wake. Siku nane baada ya msamaha wa Nixon, Ford akawatangazia vijana hao utaratibu wao: waje, waape utiifu, na wafanye kazi ya umma hata kufikia miezi 24, ndipo waachiliwe. Mkubwa hakutakiwa hata kusema alichokosa. Kijana ambaye kosa lake lilijulikana na kila mtu akatakiwa miaka miwili ya jasho. Waliachiliwa bila ya sharti mwaka 1977 tu, alipoingia Carter.

Hata hivyo dhulma ya namna hii, ya mkubwa kuachwa na mdogo kubanwa, ni ya zamani na kila mtu aiona kwa macho yake. Hatukushika kalamu kwa ajili yake. Kuna nyingine iliyojificha.

Watu hudhani kazi ya mahakama ni kuadhibu. Kuadhibu ni kazi yake ya mwisho, na yaweza kuachwa. Hakimu mwenye huruma huipunguza, na mtawala mwenye huruma huifuta. Kazi yake ya kwanza ni kubainisha: nani alitenda nini, na nani hakutenda. Katika kesi ile ile ya Januari 1975 wakili mmoja aliyekuwa kizimbani pamoja na wakubwa wale, Kenneth Parkinson, alionekana hana hatia, akatoka akaenda zake. Mshitakiwa mwingine alihukumiwa, kisha hukumu yake ikatenguliwa katika rufani mwaka 1976. Tazama basi: mlango ule ule uliowaingiza wengine jela ndio uliowatoa wawili hawa. Nixon alifariki mwaka 1994 bila ya kupita katika mlango huo. Wampendao husema alionewa, wamchukiao husema alikuwa mhalifu aliyeponyoka, na hakuna kitabu cha mahakama cha kuamua baina yao. Siku ya kusamehewa alitoa maneno akikiri kuwa alikosea na kwamba hakuchukua hatua kwa uthabiti na uwazi uliotakiwa. Maneno ya mtu aliyechelewa kufika kazini, si maneno ya aliyevunja sheria.

Ford mwenyewe aliuhisi upungufu huu. Kwa miaka mingi alibeba mfukoni karatasi yenye maneno ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1915, isemayo kwamba msamaha huchukua ndani yake dhana ya hatia, na kuupokea ni kuikiri. Hukumu hiyo ilimhusu mhariri wa gazeti moja la New York, George Burdick, aliyekataa kuwataja waliompa khabari kwa hoja ya kwamba huenda akajitia hatiani. Raisi Wilson akampelekea msamaha ili asiwe na udhuru tena wa kunyamaza. Burdick akaukataa! Na mahakama ikasema ana haki ya kuukataa. Sisi twamheshimu sana mtu huyu, aliyejua kuwa si kila zawadi ya mkubwa ni zawadi. Lakini karatasi iliyo mfukoni mwa mtu mmoja si hukumu iliyosomwa mbele ya watu, na kukiri ambako mwenye kukiri mwenyewe hakukutamka kuna maana gani?

Tena dhulma hii haimwendei mwananchi peke yake. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1992 Raisi George Bush, ambaye alikwisha kushindwa katika uchaguzi na alibakiwa na siku zisizofika thelathini, aliwasamehe watu sita katika mambo ya kuiuzia Iran silaha kwa siri na fedha zake kupelekewa waasi wa Nicaragua. Miongoni mwao alikuwamo Caspar Weinberger, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, ambaye kesi yake ilikuwa ianze tarehe 5 Januari 1993. Bush naye alikuwa Makamu wa Raisi wakati mambo hayo yalipotendeka, na mwendesha mashitaka akalalamika wazi wazi kuwa sasa kufichwa kwa mambo kumekamilika. Hilo latosha kuwa baya. Lakini Weinberger alishikilia daima kwamba hakutenda kosa. Tumkadirie kuwa alisema kweli. Basi msamaha ule ulimnyang'anya siku yake ya kusimama mbele ya watu kumi na wawili wakasema: huyu ni safi. Akabaki ni mtu aliyesamehewa, na duniani hakuna mtu atazamwaye kwa jicho la shaka kama aliyesamehewa jambo ambalo halikuthibitishwa.

Katiba ya nchi yetu ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 133, imelichunga jambo hili kwa kadiri fulani. Inamruhusu Raisi kumsamehe mtu aliyekwisha kupatikana na hatia, kwa kufuata ushauri wa kamati, na yasema kamati hiyo yaweza kuyazingatia maoni ya waliotendewa kosa. Neno "yaweza" halitutoshi, tungependa kuona "lazima". Na mlango uliofungwa mbele waweza kufunguliwa nyuma, maana kesi ya mkubwa ikiondolewa kabla ya hukumu, huyo hana haja ya msamaha wa mtu yeyote. Lakini hilo la kuhukumiwa kwanza ni neno la kushikwa.

Sasa tueleze lile la nafsi zetu. Miaka kadha iliyopita, katika msikiti mmoja wa mji wetu, fedha zilizokusanywa kwa ajili ya kutengeneza paa na karo za mayatima zilikutikana zimepungua sana. Tulikuwa watu watano katika kamati. Kabla hatujaanza kuuliza, mtunza fedha, mzee tuliyemheshimu sote, alitujia usiku akilia akatuambia kuwa ni yeye. Tukaona aibu ya mzee ni aibu ya msikiti. Tukapatana alipe kidogo kidogo, akalipa baadhi, na iliyobaki tukamsamehe. Siku ya Ijumaa tukawaambia watu kwamba jambo limekwisha, na wasiulize tena. Tulitoka hapo tukijiona tumefanya wema mkubwa, na mmoja wetu, naye ndiye aandikaye haya, alitoa darsa wiki ile juu ya fadhila za kufinika aibu za watu.

Palikuwa na kijana aliyefagia msikiti ule, akishika ufunguo, na akisaidia kuhesabu sarafu baada ya sala. Hakuna aliyemtuhumu kwa mdomo. Kwa kuwa hakutuhumiwa, hakuweza kujitetea. Wenye maduka wakaacha kumkopesha, posa yake ikarudishwa bila ya sababu kutajwa, na baada ya muda akaondoka akaenda bara. Tuliyaona hayo yote, tukasema ni riziki inamwita.

Mzee yule amekwisha kutangulia mbele ya haki. Tumewaomba watoto wake idhini kabla ya kuyaandika haya. Wawili wametupa, na mmoja amekataa. Mwezi uliopita, baada ya suali la yule mwanafunzi wetu, tulikwenda kwa mama wa kijana tukamweleza mambo yalivyokuwa. Alitusikiliza mpaka mwisho, ushungi wake ukiwa mdomoni, wala hakutoa chozi. Kisha akatuuliza:

"Maalim, fedha zile zilikuwa zenu?"

Tukamwambia, "La, Mama."

"Na mwanangu, mlipata lini ruhusa yake?"

Hatukuwa na jawabu. Akatuambia kuwa yeye hana la kutusamehe, kwani aliyetendewa yuko Nakuru, na nauli ya kwenda Nakuru twaijua. Tutakwenda. Lakini walioacha kumkopesha wako hapa, na baadhi yao ni wasomaji wa karatasi hii, basi tunawaandikia wao. Kijana aliyeshika ufunguo wa msikiti ule hakuchukua hata senti moja. Sisi watano tuliyajua hayo tangu usiku wa kwanza.